Sauti Ishirini na Mbili

Bibi Filimbi alikuwa na njia yake ya kuhesabu watoto, na kambi nzima iliisifu. Hakuwa mtu wa kunyoosha kidole kichwa kwa kichwa kama wenzake. Alipuliza filimbi mara moja, fupi, watoto wakasimama popote walipo, kisha kila mmoja akataja namba yake kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka ishirini na mbili. Robo dakika, kazi imekwisha. Meneja wa kambi, kijana aliyependa karatasi na kalamu nyekundu kuliko chakula, aliwahi kuleta wageni waje wajionee, naye Bibi Filimbi akasimama mbele yao kifua mbele kama mtu asiye na la kuficha.

Alikuwa nalo. Miezi mitano kabla ya likizo daktari wa macho alimwambia kwamba presha imeshayala macho yake, na kilicholiwa hakirudi. Mtu akiwa hatua mbili mbele yake, alimwona vizuri. Hatua ya tatu akawa ukungu wenye miguu. Kupita hapo zilibaki rangi tu, nazo zilikuwa zinagombana. Alirudi nyumbani na chupa ya dawa ya matone, akajitia hamnazo. Hakumwambia dada yake wala watoto wake walioko mbali. Alikuwa amefundisha darasa la tatu miaka thelathini na sita, mumewe alishafariki, na nyumbani palikuwa na kiti kimoja tu kinachokaliwa, na redio inayojisemea. Meneja alipomwomba asimamie kundi la manjano kwenye kambi ya kutwa, wiki nne za likizo ndefu, alikubali kabla kijana wa watu hajafika mwisho wa sentensi.

Basi akabuni zile namba. Kama macho yamegoma, masikio si yapo? Alijiona mjanja kweli kweli.

Kambi ilikuwa ndani ya shule ya msingi iliyofungwa. Madawati yalirundikwa nyuma ya madarasa, vikapu vya mipira vikapangwa barazani, na ubaoni kulikuwa bado na hesabu za kugawanya za muhula uliopita ambazo hakuna aliyepata moyo wa kuzifuta. Asubuhi wazazi waliwaleta watoto, saa kumi jioni wakaja kuwachukua na kutia sahihi. Kundi la buluu lilikuwa la meneja mwenyewe. Kundi la manjano, watoto wa miaka saba hadi kumi, kila mmoja na kizibao chake cha manjano, lilikuwa la Bibi Filimbi.

Wiki ya kwanza hesabu ilimtia aibu mara moja. Sauti ishirini na moja. Mtoto mmoja alikuwa chooni, hakuna kingine, lakini meneja alimgombeza mbele ya watoto kama anayemgombeza mwanafunzi mtoro. "Mwalimu, mimi nakuheshimu," alisema, "lakini hesabu ikipungua tena itabidi ukapumzike." Tangu siku hiyo haikupungua. Bibi Filimbi aliamini watoto wameshika adabu, na moyoni alijipongeza.

Alhamisi ya wiki ya tatu makundi yote mawili yalikwenda kwa miguu kwenye bustani ya manispaa, mwendo wa robo saa. Kulikuwa na bembea, majani ya kukaa, na bwawa lenye bata. Bibi Filimbi alikataza bwawa kwa ukali, akawapanga watoto mbali nalo, akawasimulia hadithi mpaka koo likamkauka. Saa sita kasoro alipuliza filimbi langoni. Sauti ishirini na mbili. Wakarudi. Saa sita, kabla ya chakula, akahesabu tena: ishirini na mbili. Saa nane, baada ya kuruka kamba: ishirini na mbili. Siku ilikwenda vizuri hivi kwamba alianza kuimba.

Saa kumi na robo alikuja fundi wa majokofu, baba wa namba tisa. Mtoto mwenyewe kambini walimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote na hakutulia. Fundi huyu alipita mikononi mwa Bibi Filimbi katika darasa la tatu, na hadi leo alipozungumza naye alitoa mikono mifukoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Umechoka?"

"Kawaida tu. Huyu sisimizi wangu yuko wapi? Isije ikawa kakusumbua."

"Asumbue nani? Subiri."

Alipuliza. Watoto wengi walishachukuliwa, walibaki kama kumi, kwa hiyo namba zilikuja kwa kurukaruka. Mbili. Tano. Sita. Tisa. Kumi.

Fundi alicheka. "Mwalimu, huyo tisa ni msichana."

Bibi Filimbi naye alicheka, kwa nusu pumzi tu. Kisha akasikia kilichokuwa kikipita masikioni mwake siku nzima. Tisa na kumi zilikuwa sauti moja. Alikuwa akisikiliza namba na hakuwa akisikiliza watoto.

"Sisimizi," aliita. "Njoo hapa, mwanangu."

Hakuna aliyekuja.

Namba kumi alikuwa msichana wa miaka kumi waliyemwita Dada Mkuu kwa jinsi alivyopenda kuwapanga wenzake. Bibi Filimbi alimfuata, akapiga magoti mbele yake mpaka uso wa mtoto ukatoka kwenye ukungu. Ulikuwa umelowa tayari.

"Yuko wapi?"

"Nilidhani yuko chooni, Bibi."

"Saa nane ulimjibia wewe?"

"Saa nane ndiyo. Saa sita si mimi."

"Ni mimi," alisema mvulana mmoja nyuma yake. "Na mimi nilidhani yuko chooni."

"Na kule bustanini? Langoni?"

Aliyejibu langoni alikuwa ameshakwenda nyumbani na mama yake.

"Nani aliwaambia mjibiane?"

"Tulikubaliana," alisema Dada Mkuu. "Mtu akienda chooni tunamsemea, ili meneja asikugombeze tena."

"Kwa nini mnadhani atanigombeza mimi, na si aliyekwenda chooni?"

Msichana alitazama alikosimama fundi, akamsogelea Bibi Filimbi sikioni. "Kwa sababu huoni, Bibi," alinong'ona. "Wote tunajua. Juzi ulilisalimia koti mlangoni."

Hata kumcheka, watoto hawakuwa wamemcheka. Walikuwa wamemfichia siri, ishirini na mbili wote, wiki mbili nzima, kwa mapenzi tu, na kwa mapenzi hayo hayo mmoja wao alikuwa ameachwa tangu saa sita kasoro kwenye bustani yenye bwawa.

Alisimama. "Kabaki bustanini," alimwambia fundi. "Tangu kabla ya chakula."

Fundi hakupayuka. Angepayuka ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Bustanini pana bwawa," kama anayemkumbusha, akakimbilia pikipiki yake.

Meneja, aliyekuwa ameshaambiwa na watoto, alitoka ofisini na simu sikioni, jasho likimtoka, na sasa hakuwa na kalamu yoyote. Alikuwa ameshampata mlinzi wa bustani. "Anauliza amevaa nini. Mwalimu, mtoto amevaa nini?"

"Kizibao cha manjano."

"Ndani yake?"

Bibi Filimbi alifungua mdomo. Asubuhi yule mtoto alimkumbatia mapajani kama kila siku, kichwa chake kilinukia sabuni, hilo alilijua. Rangi ya shati hakuijua. Akainama aulize watoto, lakini meneja alikuwa anamtazama, na mwalimu gani asiyejua mtoto wake kavaa nini?

"Shati la buluu," alisema.

Meneja akalirudia kwenye simu. Shati la buluu. Akapigia kituo cha polisi, kilicho ng'ambo ya barabara kuu karibu na bustani, akauliza tu mtoto wa shati la buluu, hata kambi asiitaje. Alisikiliza, akakata. "Hawana mtoto wa shati la buluu," alisema. Mpishi wa kambi aliyekuwa amesimama na sufuria mkononi akaanza kulia, na meneja akamwambia abaki na watoto waliosalia.

Wakaenda bustanini kwa gari la meneja. Njia nzima Bibi Filimbi alikuwa anaomba Mungu bila maneno ya maana, neno moja tu likijirudia, tafadhali, tafadhali. Langoni mlinzi aliwapokea akiwa ameshika kitu. Alimpa mkononi. Kilikuwa kizibao. Alikipapasa, namba tisa iliyoshonwa kwa uzi mnene ilikuwa pale chini ya vidole vyake.

"Kilikuwa kimetundikwa kwenye tawi," alisema mlinzi. "Pale kando ya maji."

"Baba yake?"

"Ameshaingia."

Alimsikia. Bwawa halikuwa na kina kirefu, lilimfika fundi kiunoni na penginepo kifuani, lakini chini lilikuwa na tope la miaka, na maji yake hata mwenye macho yake mawili hakuona ndani. Kwa hiyo fundi alikuwa anatafuta kwa miguu. Anapiga hatua, anapapasa kwa unyayo, anapiga hatua. Bata walikuwa wamekimbilia upande wa pili na kulalamika. Kila alipogusa kitu alinyamaza, kisha akazama, kisha akatoka na gogo au tairi na kulitupa ukingoni. Alikuwa anamwita mtoto kwa lile jina la nyumbani, la utotoni, wanaloitana baba na mwana wakiwa peke yao, na Bibi Filimbi aliona haya kulisikia.

Alisimama ukingoni hana msaada wowote. Mlinzi naye aliingia. Meneja alivua viatu, akaingia na suruali yake ya kunyooshwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kitoto mgongoni alimshika bega akamwambia, "Jikaze, mama," na yeye akataka kumwambia asimguse mtu kama yeye.

Ndipo likamjia lile shati. Wote walikuwa wameshaifunga hesabu: polisi hawana mtoto, kizibao kiko kando ya maji, basi mtoto yumo majini. Lakini polisi waliulizwa shati la buluu. Buluu aliitoa wapi? Aliitoa hewani, apate kumwokoa nani, mtoto au heshima yake? Kati ya watu wote pale ukingoni ni yeye peke yake aliyejua kwamba jibu la polisi halikuwa jibu.

Hakumwambia mtu. Hata hapo, Mungu amsamehe, hakumwambia mtu. Aligeuka akatoka langoni.

Barabara kuu ilikuwa na njia nne. Kwa kawaida aliivuka akimshika mtu mkono, akisingizia magoti. Sasa alisimama ukingoni mwa lami, magari yakimpita kama upepo wenye rangi, akasikiliza. Alipodhani pametulia alitia mguu, honi ikamlilia usoni, akarudi. Akatia tena. Dereva mmoja alimtukana mpaka alipofika katikati. Hakumjibu, alikuwa anahesabu hatua, na alipoukanyaga ukingo wa pili alimwuliza mpita njia kituo kiliko.

Kituoni alipokelewa na sauti ya kike nyuma ya kaunta.

"Karibu, mama."

"Afande, natafuta mtoto. Wa kiume, miaka saba."

"Tumeshawajibu kwenye simu. Wa shati la buluu hayupo."

"Achana na shati. Nilikosea. Mna watoto hapa?"

"Wapo watatu kwenye benchi, likizo hii wanapotea kama kuku. Lakini utaratibu wetu, mama, mchukuaji ananyoosha kidole mwenyewe. Simtaji mtoto mimi, na watoto wamekatazwa kusema. Mwezi uliopita mtu alikuja hapa akabahatisha jina, nusura aondoke na mtoto wa watu. Haya, wako ni yupi?"

Aligeukia alikoelekezwa. Chini ya dirisha kulikuwa na ubao mrefu wa kahawia na juu yake vivuli vitatu. Kimoja kilikuwa na wekundu. Kingine kilikuwa kikubwa kidogo, au kilikuwa kimesogea mbele. Alikaza macho mpaka yakauma. Machozi yakaja, vivuli vikachanganyika vikawa kitu kimoja. Kama Sisimizi yuko pale, kwa nini anyamaze? Na kama hayupo, basi baba yake atamgusa kwa mguu sasa hivi, au ameshamgusa.

"Mama?" Sauti ya afande ilianza kubadilika. "Humjui mtoto wako?"

Upande wa ukutani mtu akakohoa. Kikohozi cha uongo kabisa, cha mtoto asiyetaka kwenda shule. Kikaja tena, cha nguvu zaidi, na kisigino kikapiga benchi mara mbili.

"Yule," alisema Bibi Filimbi, mkono wake ukielekea kwenye kikohozi. "Wa mwisho, ukutani."

"Haya, nenda kwa bibi yako," alisema afande.

Kitu kidogo kilikuja mbio kikamgonga mapajani. Shati lilikuwa jekundu, la mistari. Alimkumbatia akakaa naye chini sakafuni pale pale, akampapasa kichwa, masikio, mgongo, vidole kimoja kimoja, huku anatoa sauti ambayo hakujua kwamba anayo.

"Nilikukoholea, Bibi," alinong'ona mtoto. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Afande aliipigia ile namba ya meneja, huku akimweleza Bibi Filimbi. Mtoto alikwenda choo cha bustani, mlango ukamkwamia. Alipofanikiwa kutoka hakumkuta mtu. Akavua kizibao akakitundika juu, ili wakirudi wakione, akaondoka kuwatafuta kwa njia isiyo yao. Mama muuza magazeti alimleta saa saba. "Tumemuuliza unatoka wapi, anasema kambini. Kambi gani? Kambi. Mkubwa wako nani? Bibi Filimbi." Alipekua daftari. "Nimeandika hivyo hivyo. Jina, Bibi. Jina la ukoo, Filimbi. Tungempigia nani?"

Fundi aliingia kabla simu haijakaa vizuri. Maji yalikuwa yanamchuruzika, viatu vinalia, harufu ya tope ikajaza chumba. Alimnyanyua mtoto juu akamkandamiza kifuani. Kisha akamweka chini. Mtoto alirudi akashika mkono wa Bibi Filimbi.

"Ilikuwaje?" aliuliza fundi. Sauti ilikuwa ya chini. "Walikuhesabu mara tatu. Ilikuwaje?"

Vile vidole vidogo vilimbana Bibi Filimbi.

"Nilijificha, baba," alisema Sisimizi. "Bibi aliniita sana. Nilimsikia nikakataa kutoka. Niliwaambia wenzangu wanijibie."

"Ulijificha."

"Ndiyo, baba."

"Mimi naingia bwawani kutafuta maiti yako kwa miguu, kumbe wewe umejificha?" Pumzi zilimtoka fundi kama aliyebeba mzigo. "Umemtesa mwalimu wangu, mtu mzima huyu, kavuka barabara peke yake? Mwombe radhi. Nyumbani utanikuta."

"Samahani, Bibi," alisema mtoto, na akambana tena vidole, mara mbili, maana yake nyamaza.

Ilikuwa imekwisha. Afande alikuwa anaandika. Meneja angeandika pia, mtoto mtundu, ameonywa, na kesho kungekuwa na watoto ishirini na mbili na filimbi. Likizo ijayo pia. Mtoto angechapwa viboko viwili vitatu, watoto wangapi hawachapwi? Bibi Filimbi aliliona hilo waziwazi kuliko alivyokuwa ameona chochote miezi mitano, na alilitaka. Alilitaka mpaka mate yakamjaa mdomoni.

"Mwache," alisema. "Anadanganya."

"Mwalimu, usimtetee."

"Ananitetea yeye. Hakujificha, alikuwa chooni, nami nikamwacha. Mimi sioni." Neno lilitoka jepesi, kama si lile alilolibeba muda wote huo. "Hapo uliposimama, sikuoni. Sijui una hasira au unalia. Watoto walijua wakanifichia. Hata lile shati la buluu nililitunga, na hawa walikuwa na mwanao hapa wakati unazama."

Kalamu ya afande ilisimama.

"Tangu lini?" aliuliza fundi.

"Tangu kabla hujanikabidhi."

Alisikia viatu vyenye maji vikisogea, hatua mbili, na kwa kitambo uso wa fundi ukawa karibu kiasi cha kuonekana, ule uso wa darasa la tatu uliozeeka, nao haukuwa na hasira wala machozi. Ulikuwa unamtazama kama mtu asiyemjua. Fundi aliinama, akavifungua vidole vya mwanawe kimoja kimoja kutoka mkononi mwake, akamchukua.

Baada ya hapo rangi zilichanganyika. Mlango ulifunguka au ulikuwa wazi tangu awali. Nje magari yalipita. Bibi Filimbi alibaki amesimama kauntani, mkono bado umenyooka, hajui kama wameshaondoka au wapo hapo hapo wanamwangalia.

"Bado mpo?" aliuliza.

Alisubiri, kisha afande akakohoa kidogo.

"Wameondoka, mama," alisema.